Liverpool, mji uliofungia bahari nyuma ya lango

Tangu Everton waanze kucheza kwenye uwanja wao mpya Agosti 2025, neno "doki" limeingia kwenye mazungumzo ya mpira. Mtangazaji anasema uwanja umejengwa ndani ya doki, na msikilizaji anajiuliza mpira unachezwaje ndani ya bandari. Mwingine anakumbuka habari za 2021 kwamba UNESCO iliifuta Liverpool kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, akadhani majengo yake yamebomolewa. Wa tatu amesikia kwamba watumwa walifungwa minyororo kwenye magati ya pale, na wa nne ana hakika Titanic iling'oa nanga hapo. Baadhi ya haya yana ukweli nusu, mengine hayana ukweli kabisa. Ukishaelewa doki ni nini, mengi kati ya hayo hufunguka yenyewe, kwa hiyo tuanzie hapo.

Si gati, si gudi

Gati ni mahali meli inapofungwa kamba ili ipakie au ipakue. Gudi ni shimo linalokaushwa maji ili meli itengenezwe chini. Doki za Liverpool ni kitu cha tatu: bwawa lililochimbwa kando ya mto, likajengewa kuta, likawekewa lango linalozuia maji ya ndani yasitoke wakati maji ya nje yanapokupwa. Ndani ya bwawa hilo, kuta zote ni magati.

Kwa nini mtu ahangaike kufungia maji? Mkazi wa pwani ataelewa haraka kuliko mtu wa bara. Mombasa au Zanzibar, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kukauka ni mita 3 hadi 4 hivi. Kwenye mlango wa mto Mersey, ambako Liverpool imekaa, bamvua kubwa hupandisha na kushusha maji kwa mita 9 hadi 10. Huo ni urefu wa nyumba ya ghorofa tatu, unaokuja na kuondoka mara mbili kwa siku. Jahazi likipwelewa kwenye mchanga tulivu, mabaharia hupika chai wakingoja maji. Meli nzito yenye shehena ikipwelewa kwenye tope la Mersey hulala upande, mbavu hupinda, na mzigo huhama. Wenye meli walilazimika kutia nanga katikati ya mto, kwenye mkondo mkali na upepo wa kaskazini-magharibi, kisha kushusha mzigo kidogo kidogo kwa mashua.

Mji wenyewe ulianza mwaka 1207, Mfalme John alipotoa hati ya kuwaalika watu wahamie kando ya hori dogo lililoitwa Pool. (Wanaotafsiri jina la mji kwa Kiswahili na kupata "bwawa la ini" wanakosea. Liver hapa ni neno la Kiingereza cha kale linalohusu maji mazito ya tope.) Kwa karibu miaka 500 ulibaki mji mdogo wa mitaa saba, wakati biashara kubwa ya upande ule ilikuwa Chester, kwenye mto Dee. Dee ukajaa mchanga, meli zikakosa kina, na wafanyabiashara wakaanza kuutazama Mersey.

Hapo ndipo fundi Thomas Steers alipokuja na wazo lake: badala ya kulifukia lile hori, aligeuze bwawa. Kazi ilianza 1710 na bwawa likafunguliwa 1715. Karibu na London lilikuwapo tayari bwawa la kuhifadhia meli, lakini hili la Liverpool ndilo la kwanza duniani lililojengwa kwa ajili ya biashara, meli ipakue na kupakia humo humo. Lilichukua hadi meli 100. Kuta zake ni matofali yaliyoketi moja kwa moja juu ya mwamba.

Lilifanya kazi hivi. Maji ya mto yanapojaa, hufika kiwango kimoja na maji ya bwawani. Wakati huo lango hufunguliwa kwa urahisi, kwa sababu hakuna upande unaousukuma mwingine. Meli zinazotoka hutoka, zinazoingia huingia, na kabla maji hayajaanza kukupwa kwa nguvu lango hufungwa. Nje maji yatashuka mita zote hizo, ndani meli zitabaki zikielea palepale, na wachukuzi wataendelea na kazi bila kujali saa ya maji. Mabawa mawili ya lango hukutana kwa pembe inayoelekea ndani, kama mikono ya mtu aliyekunja viwiko kuzuia mlango, ili uzito wa maji ya bwawani uzidi kuyabana. Kazi iliyokuwa ya siku nyingi katikati ya mto ikawa ya siku chache.

Kasoro zake nazo zilikuwa za wazi. Lango moja linafunguka kwa muda mfupi tu maji yanapokuwa kileleni, na nahodha akichelewa hungoja mzunguko mwingine, zaidi ya saa 12. Maji ya Mersey huja na tope, na tope likiingia bwawani hutua chini kwa sababu humo hamna mkondo wa kulifagia, basi lazima lichimbwe kila wakati. Waliofuata walitengeneza mabwawa ya kupitia, yenye malango mawili: meli inaingia, la nyuma linafungwa, kiwango kinasawazishwa, la mbele linafunguliwa. Hatua kwa hatua wakajenga mlolongo wa doki uliofuata ukingo wa mto kwa zaidi ya kilomita 10.

Utajiri ulitoka wapi

Hili halipaswi kupitwa haraka. Mwaka 1699 meli iliyoitwa Liverpool Merchant iling'oa nanga kwenda Afrika Magharibi, kisha ikawashusha watu 220 katika kisiwa cha Barbados. Ndiyo safari ya kwanza ya utumwa kutoka Liverpool iliyo na kumbukumbu. Miaka 16 baadaye bwawa likafunguliwa, na kufikia miaka ya 1740 Liverpool ilikuwa imeipita bandari ya Bristol katika biashara hiyo. Hadi Bunge la Uingereza lilipoipiga marufuku mwaka 1807, meli za Liverpool zilikuwa zimevusha takriban watu milioni 1.5, nusu ya Waafrika wote waliovushwa Atlantiki na Waingereza. Meli ya mwisho kuondoka kihalali, Kitty's Amelia, iling'oa nanga humo humo Julai 1807.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaposikia "bandari ya watumwa" huwaza soko la Mkunazini Zanzibar, watu wakisimamishwa na kunadiwa. Liverpool haikuwa hivyo, na hapo ndipo picha nyingi za uongo zinapoanzia. Meli ilitoka Liverpool imebeba vitambaa, bunduki, vyombo vya shaba na shanga. Ilikwenda pwani ya magharibi, kwenye bandari kama Bonny na Calabar katika Nigeria ya leo. Huko ilinunua watu, ikawavusha hadi visiwa vya Karibi au Amerika, kisha ikarudi nyumbani na sukari, ramu, pamba na tumbaku. Wachache waliletwa Uingereza, na matangazo ya kuwauza yalichapishwa magazetini, lakini wengi mno kati ya watu hao hawakuiona Liverpool kamwe. Kilichofika ni faida. Mji haukuhitaji soko la watu ili uwe kitovu cha biashara ya watu: meli ziliandaliwa pale, bima zilikatwa pale, mikopo ilitoka pale.

Kwa hiyo mwongozaji akikuonyesha pete za chuma kwenye Albert Dock na kusema watumwa walifungwa hapo, hesabu miaka. Albert Dock ilifunguliwa 1846, miaka 39 baada ya marufuku. Sanamu ya ukumbusho wa Nelson, amiri wa jeshi la majini la Uingereza, kwenye uwanja wa Exchange Flags, ya mwaka 1813, ina wanaume wanne wenye minyororo, na wageni wengi huwachukulia kuwa Waafrika. Wanawakilisha ushindi wa Nelson vitani. Mtaa wa Penny Lane nao umekuwa ukihusishwa na mfanyabiashara wa watumwa James Penny, lakini mwaka 2020 makumbusho ya utumwa ya hapo hapo yalichunguza na kusema hayakupata ushahidi wa uhusiano huo.

Alama za kweli zipo, na ziko juu kuliko macho ya mpita njia. Simama Water Street utazame ukuta wa Town Hall: chini ya paa kuna mstari wa michongo yenye vichwa vya Waafrika, tembo na mamba. Wakuu wa mji waliiweka ofisini kwao bila haya, kama tangazo la biashara. Karibu na hapo, mlangoni mwa jengo la Martins Bank la 1932, kuna watoto wa Kiafrika wamechongwa wakiwa na mifuko ya fedha, zaidi ya miaka mia baada ya marufuku. Baraza la mji liliomba radhi rasmi Desemba 1999.

Na 1807 haikukata uzi. Doki zilizojengwa baadaye zililishwa na pamba ya Marekani, iliyolimwa na watumwa hadi miaka ya 1860, ikapita Liverpool kwenda viwanda vya Manchester. Reli kati ya miji hiyo miwili ilifunguliwa 1830 kwa sababu ya mzigo huo.

Kuna uzi mwingine ambao wasomaji wa Kongo wanaufahamu upande wa pili. Kampuni ya meli ya Elder Dempster ya Liverpool ndiyo iliyoendesha safari kati ya Antwerp, bandari ya Ubelgiji, na Kongo zama za Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Karani wake, E. D. Morel, alipokuwa akipitia hesabu aliona kwamba meli zinarudi zimejaa mpira na pembe za ndovu, lakini zikienda zinabeba hasa bunduki na risasi. Mali inatoka, malipo hayaendi. Akahitimisha kwamba watu wanafanyishwa kazi kwa nguvu, akaacha kazi mwaka 1901, na Machi 1904 chama cha kupigania mageuzi ya Kongo kikazinduliwa Liverpool. Mji huo huo ulikuwa na meli za unyonyaji na karani aliyeufichua kwa kusoma orodha za shehena.

Titanic, kwa ufupi

Iliandikishwa Liverpool, na jina la mji lilipakwa kwenye tezi lake. Makao makuu ya kampuni yake, White Star Line, yalikuwa James Street, na jengo bado lipo. Lakini kampuni ilikuwa imehamishia safari zake za haraka Southampton mwaka 1907, na Titanic iliondokea huko tarehe 10 Aprili 1912. Liverpool haikuwahi kufika.

Lango lililobana

Mhandisi Jesse Hartley, aliyesimamia doki kuanzia 1824 hadi alipofariki 1860, ndiye aliyejenga sehemu kubwa ya kinachovutia macho leo. Adui yake mkubwa alikuwa moto. Pamba huwaka kama majani makavu, na maghala ya zamani yalikuwa na sakafu na nguzo za mbao. Albert Dock akaijenga kwa matofali, mawe na chuma tu. Nguzo nene zinazokabili maji ni za chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, na ndani yake kuna uwazi. Maghala yako ukingoni kabisa, hivyo mzigo ulitoka melini ukaingia ghalani moja kwa moja, bila kulala nje kungoja wezi.

Ila alipima milango kwa meli za matanga. Ndani ya nusu karne meli za mvuke zilikuwa pana na ndefu kupita kiasi, na doki nzuri kuliko zote ikabaki ghala tu. Huo ndio udhaifu wa bwawa lenye lango: ukubwa wa meli unaamuliwa na upana wa mlango wako. Zilipokuja kontena, mji ulijenga doki kubwa ya Seaforth upande wa kaskazini, na doki za katikati zikafa. Albert Dock ilifungwa 1972, ikajaa tope. Wachukuzi walikosa kazi kwa maelfu. Watu karibu 850,000 waliokuwa wakiishi mjini mwaka 1931 wamekuwa chini ya 490,000 kwenye sensa ya 2021. Mwaka 2016 likafunguliwa gati jipya, Liverpool2, lililojengwa mtoni kwenyewe, nje ya malango yote. Kwa kuwa sasa kuna mashine za kuchimba kina cha kutosha, meli kubwa inaelea hata maji yakikupwa.

UNESCO iliifuta vipi, na ilimaanisha nini

Mwaka 2004 sehemu ya ukingo na maghala iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, kama mfano wa mji wa biashara ya bahari. Mwaka 2012 iliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya mradi mkubwa wa majengo marefu kwenye doki za kaskazini. Julai 2021 kamati ilipiga kura 13 dhidi ya 5, ikaifuta. Uwanja wa Everton ulitajwa pamoja na sababu hizo, ingawa ugomvi ulikuwa umeanza miaka mingi kabla yake.

Wengi hudhani UNESCO inamiliki maeneo haya au inayalipia. Haimiliki. Orodha ni kama hati ya ubora iliyotundikwa ukutani mwa duka: ikiondolewa, duka lipo na bidhaa zipo, ila mkaguzi hayuko tayari tena kuthibitisha. Majengo ya Liverpool yanaendelea kulindwa na sheria za Uingereza. Si kila anayeingia orodha ya hatari hufutwa pia. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliwekwa humo 2004 na zikatoka salama 2014 baada ya magofu kukarabatiwa. Kabla ya Liverpool, ni maeneo mawili tu yaliyokuwa yamefutwa: hifadhi ya choroa nchini Oman mwaka 2007, na bonde la Dresden nchini Ujerumani mwaka 2009.

Kuhusu uwanja wenyewe: Bramley-Moore Dock ilifunguliwa 1848, kazi ya Hartley pia. Ili kujenga, bwawa lilijazwa mchanga uliovutwa kutoka baharini. Kuta zake za mawe zimefukiwa, hazikubomolewa, na mnara wa zamani wa mitambo ya maji umekarabatiwa. UNESCO ilitazama maji yaliyopotea, wenyeji wakatazama ukuta mrefu uliofungwa mbele ya ardhi isiyotumika kwa miongo kadhaa. Hoja zote mbili zina uzito, lakini bwawa lililojazwa halionyeshi tena jinsi mji ulivyofanya kazi, na hilo halirudishwi na mnara.

Ukienda

Treni kutoka London Euston hadi Lime Street huchukua saa 2 na robo hivi, na kutoka Manchester chini ya saa moja. Sehemu za historia zinatembeleka kwa miguu ndani ya siku moja ukifuata mteremko. Toka stesheni, pita St George's Hall ya 1854, shuka Dale Street hadi Town Hall na Exchange Flags, endelea na Water Street mpaka mtoni. Hapo Pier Head utakuta majengo matatu makubwa yaliyojengwa juu ya doki iliyofukiwa. La Royal Liver, la 1911, lina ndege wawili wa shaba juu ya minara. Jina lao hutamkwa "laiva", tofauti na la mji. Mchongaji wa ndege hao, Carl Bernard Bartels, alikuwa Mjerumani, na Vita vya Kwanza vilipoanza aliwekwa kizuizini.

Panda kivuko cha Mersey hata kama huna pa kwenda. Pwani kwetu vivuko hushusha mlango juu ya mteremko wa zege, lakini hapa kuna gati linaloelea, lililounganishwa na nchi kavu kwa madaraja yenye bawaba. Maji yakijaa daraja huwa karibu sambamba, yakikupwa huwa mteremko mkali. Mwenye kiti cha magurudumu au mkokoteni wa mtoto ajipange karibu na maji kujaa.

Albert Dock iko dakika chache kusini. Usipange safari kwa kutegemea makumbusho ya bahari na ya utumwa yaliyomo: yalifungwa mwanzoni mwa 2025 kwa ukarabati wa miaka kadhaa. Jumba la sanaa la Tate lililo jirani nalo lilifungwa 2023 kwa ukarabati, basi hakikisha kwanza kama limefunguliwa. Museum of Liverpool, iliyo kati ya hapo na Pier Head, haina kiingilio. Angalia siku, kwa kuwa makumbusho mengi hapa hupumzika Jumatatu. Kisha vuka barabara uingie eneo la maduka la Liverpool ONE na utafute mduara wa kioo sakafuni. Chini yake ni ukuta wa bwawa la Steers la 1715, lililofukiwa 1826 na kuchimbuliwa mwanzoni mwa karne hii. Wanunuzi hupita juu yake na mifuko bila kutazama chini.

Wapenzi wa The Beatles huenda Mathew Street, ilipo klabu ya Cavern, ingawa ya sasa ni ujenzi mpya kwa sababu ya asili ilifungwa 1973. Nyumba walimokulia John Lennon na Paul McCartney huingiwa kwa kuagiza nafasi mapema tu.

Kama una nusu siku ya ziada, chukua treni ya kaskazini hadi Crosby. Ufukweni kuna sanamu 100 za chuma, kazi ya mchongaji Antony Gormley, watu wenye kimo cha kawaida, wametawanyika kwa kilomita 3 wakitazama bahari. Nyuma yao, upande wa kusini, utaona kreni za Liverpool2. Maji yakikupwa sanamu zote huonekana, yakijaa baadhi huzama kabisa. Angalia jedwali la maji kabla ya kushuka na usiwafuate walio mbali, maana chini ya mchanga kuna tope linaloshika mguu hadi gotini. Ukiona wa mbele maji yamewafika kiunoni na yanapanda, geuka urudi barabarani.